Prosesa ni ya Kizazi Kipi? Swali la Kuuliza Kabla ya Kulipa

SOMO LA WIKI

MUSOMA – Mnunuzi wa pamba wa Bunda hafungui mkoba wa fedha kabla ya kutenga pamba safi na fifi. Mnunuzi wa samaki wa Musoma hufunua shavu la sangara aone kama bado ni jekundu. Lakini wafanyabiashara hao hao, wanapoingia dukani kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, wengi huuliza mambo matatu tu: bei, ukubwa wa diski, na kama inawaka. Swali la nne, ambalo mara nyingi ndilo huamua kama mtaji utarudi, huachwa bila kuulizwa: je, prosesa yake ni ya kizazi kipi?

Kwa mtu anayetaka kuandika barua na kuweka hesabu za duka, swali hilo linaweza kusubiri. Kwa anayetaka kuhudumia watafiti na wanafunzi, haliwezi. Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kimojawapo kati ya vyuo vilivyoingizwa katika mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021. Panapokuwa na chuo cha kilimo na teknolojia huja kazi za takwimu za mavuno, ramani za udongo, hesabu za hali ya hewa na uchambuzi wa picha za setilaiti. Kazi hizo hufanywa kwa programu za kisayansi, na programu za kisayansi zina tabia moja ambayo mwekezaji mdogo anapaswa kuijua kabla hajakodi chumba na kuvuta umeme.

Tabia yenyewe ni kwamba programu moja, iliyonakiliwa kutoka kwenye kisahani kimoja, huweza kwenda kasi katika kompyuta hii, kutambaa katika ile, na kugoma kabisa katika ya tatu, ingawa zote tatu zinawaka na zote zina nembo ya kampuni moja.

MAHINDI NA UNGA

Programu huandikwa kwanza na binadamu kwa lugha ambayo binadamu mwingine anaweza kuisoma. Prosesa haiielewi lugha hiyo. Lazima maandishi yale yageuzwe kuwa amri fupi fupi za mashine. Mafundi huita kazi hiyo kukompaili. Mfanyabiashara wa nafaka ataelewa haraka akiambiwa kuwa maandishi ya programu ni mahindi, na programu iliyokompailiwa ni unga.

Anayesambaza programu ana hiari mbili. Anaweza kugawa mahindi, kila mteja akasage nyumbani kwake kwa kipimo anachotaka. Hiyo humpa mteja unga unaofaa chungu chake, lakini kila mteja atahitaji kinu, ujuzi na muda. Programu kubwa ya kisayansi huweza kuchukua saa nyingi kukompailiwa, na mara nyingi huhitaji programu nyingine kadhaa zikompailiwe kabla yake. Hiari ya pili ni kugawa unga uliokwisha kusagwa. Mteja anafungua mfuko na kupika. Ndiyo njia ya soko, na ndiyo njia ambayo wengi hupata programu zao.

Tatizo ni kwamba msagaji lazima aamue mapema atasaga kwa ajili ya chungu gani. Kila baada ya miaka michache watengenezaji wa prosesa huongeza amri mpya, hasa za kufanya hesabu nyingi kwa mkupuo mmoja. Programu iliyosagwa kwa amri mpya ikipelekwa kwenye prosesa ya zamani, prosesa hukutana na neno isilolijua. Haikisii wala haiombi msaada. Husimama. Katika mashine za Linux hutokea maneno ya Kiingereza, Illegal instruction, yaani amri isiyotambulika, na kazi hufia hapo.

Jambo hili si jipya. Kampuni ya Intel ilipotoa kipande cha hesabu cha 8087 mwaka 1980, kilikuwa kinauzwa peke yake, na kompyuta nyingi hazikuwa nacho. Mwaka 1989 prosesa ya 486DX ilikuja na kipande hicho ndani yake. Mwaka 1991 ikaja 486SX, ya bei nafuu, ambayo haikuwa nacho. Mnunuzi aliyeona namba 486 tu juu ya kasha hakujua alichonunua. Waandishi wa programu walilazimika kuweka njia mbili ndani ya programu moja: kipande kikiwepo kitumike, kisipokuwepo hesabu zifanywe kwa njia ndefu.

MADARAJA MANNE

Kwa muda mrefu hapakuwa na lugha ya pamoja ya kutaja vizazi hivi. Mwaka 2020 kampuni za AMD, Intel, Red Hat na SUSE zilikubaliana juu ya madaraja manne ya prosesa za biti 64 za jamii ya x86, ambazo ndizo zilizo ndani ya kompyuta nyingi za mezani. Mwenye duka anaweza kuyashika kama anavyoshika madaraja ya pamba.

Daraja la kwanza ni amri zilizokuwepo tangu AMD ilipotoa Opteron ya biti 64 mwaka 2003. Kila prosesa ya biti 64 ya jamii hiyo inalo.

Daraja la pili linahitaji amri za SSE4.2 na POPCNT. Kwa Intel lilianza na kizazi cha Nehalem mwaka 2008, ambacho ndicho kizazi cha kwanza cha Core i5 na i7. Kwa AMD lilikuja na Bulldozer mwaka 2011. Core 2 Duo, ambayo ilisambaa sana maofisini, haifiki daraja hili.

Daraja la tatu linahitaji AVX2 na FMA. Intel ililifikia mwaka 2013 kwa kizazi cha Haswell, yaani kizazi cha nne cha Core. AMD ililifikia mwaka 2015.

Daraja la nne linahitaji AVX-512. Lilianza kwenye prosesa za seva za Intel mwaka 2017.

Mtu anaweza kudhani kuwa basi inatosha kuuliza mwaka wa kutengenezwa. Haitoshi, na hapa ndipo wengi hupotezea fedha. Intel iliuza kwa miaka mingi prosesa zenye majina ya Pentium na Celeron ambazo zilitoka wakati mmoja na Core i5, zikiwa na umbo lile lile, lakini zikiwa zimenyimwa AVX na AVX2. Laptopu ya Celeron ya mwaka 2018 inaweza kushindwa kazi ambayo Core i5 ya mwaka 2013 inaifanya. Kwa upande wa juu vilevile, mwaka 2021 Intel ilitoa kizazi cha 12 cha Core na kuiacha AVX-512, ingawa baadhi ya prosesa zake za nyuma zilikuwa nayo. Kwa hiyo upya wa mashine si uthibitisho. Kinachothibitisha ni orodha ya amri inazozijua.

SOKO LIMEANZA KUBAGUA

Wasambazaji wa programu wamekuwa wakipandisha sakafu yao mwaka hadi mwaka. Februari 2018, TensorFlow 1.6, programu ya Google ya kufundishia mashine, ilitolewa ikiwa imekompailiwa kwa AVX. Aliyekuwa na prosesa isiyo na AVX alipakua, akaifungua, ikafa papo hapo. Mwaka 2022 Red Hat Enterprise Linux 9 ilitaka daraja la pili. Mwaka 2025 toleo la 10 lilitaka daraja la tatu. Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 haliwaki katika prosesa isiyo na SSE4.2 na POPCNT.

Juu ya hayo, msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 kwa masharti rasmi inataka, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane cha Core au cha juu zaidi, isipokuwa chache. Maana yake kwa soko ni rahisi. Ofisi zinazofuata masharti zinaachia mashine za kizazi cha nne hadi cha saba, na mashine hizo hutafuta mnunuzi. Kwa mwekezaji wa Musoma hilo ni fursa na ni mtego. Ni fursa kwa sababu kizazi cha nne kina daraja la tatu na bado kinafaa kwa hesabu za kisayansi kikiwekewa Linux. Ni mtego kwa sababu katika shehena ile ile huchanganywa Celeron, Pentium na Core 2, zote zikiwa zimefutwa vumbi na kupangwa rafu moja.

Si kila msambazaji aliyeamua kuwaacha wenye mashine za zamani. AlmaLinux, inayofuata nyayo za Red Hat, ilipotoa toleo lake la 10 mwaka 2025 ilitoa pia nakala ya daraja la pili kwa ajili ya wale ambao Red Hat iliwaacha nje. Aliyeachwa na mmoja akawa mteja wa mwingine.

NJIA NNE ZA KUSAMBAZA

Mwekezaji anayetaka kuuza huduma ya programu za kisayansi, au kufunga mashine za chuo na shule, ana njia nne za kuchagua. Kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kusaga unga mmoja kwa chungu cha chini kabisa. Programu ya daraja la kwanza hufanya kazi kila mahali. Gharama yake ni kasi. Kwa hesabu za desimali za usahihi maradufu, kiini kimoja cha prosesa ya Nehalem kinaweza kufanya hesabu 4 kwa kila pigo la saa yake. Kizazi cha pili cha Core, chenye AVX, hufanya 8. Haswell hufanya 16. Seva zenye AVX-512 na vipande viwili vya FMA hufanya 32. Ukiweka programu ya daraja la kwanza ndani ya Haswell, umelipia mashine ya 16 na kutumia 4. Ni sawa na kukodi lori la tani 16 na kulipakia tani 4.

Njia ya pili ni kuweka unga wa aina kadhaa ndani ya mfuko mmoja. Programu inapowaka huitazama prosesa, halafu huchagua njia inayoifaa. Ndivyo inavyofanya OpenBLAS, maktaba ya hesabu za safu na nguzo inayotumiwa na NumPy na programu nyingine nyingi. Mfuko huwa mzito zaidi, lakini mteja hahitaji kujua lolote. Kwa duka dogo lenye wateja wa kila aina, hii ndiyo njia yenye wasiwasi mdogo.

Njia ya tatu ni ghala lenye rafu. Mwaka 2020 taasisi za Ulaya zilianzisha mpango wa EESSI, ambao huhifadhi programu za kisayansi zikiwa zimekompailiwa mara nyingi, kila kizazi cha prosesa kikiwa na rafu yake. Mashine ya mteja hujitambulisha, kisha huelekezwa kwenye rafu yake. Usambazaji hupitia CernVM-FS, mfumo uliobuniwa katika maabara ya CERN. Faida yake kwa mahali penye intaneti ya kulipia ni kwamba mashine haipakui ghala zima. Huchukua mafaili yanayohitajika tu, na kuyatunza ili yasipakuliwe tena. Ukiweka seva moja ya kutunzia nakala hapo chumbani, mashine ya pili hadi ya kumi huchota kwa ile ya kwanza. Hasara yake ni kwamba mtandao ukikatika kabla faili halijachukuliwa, kazi husubiri.

Njia ya nne ni kontena, kama Docker na Apptainer, ambapo programu na vyote inavyovitegemea hufungwa katika kasha moja. Wauzaji wengine husema kasha hilo hufanya kazi popote. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Kasha hubeba mafaili, halibebi prosesa. Programu iliyosagwa kwa AVX2 ikifungwa ndani ya kasha na kupelekwa kwenye Core 2 Duo, itagoma ndani ya kasha kama ambavyo ingegoma nje yake.

MFANO WA RANGER

Afrika Mashariki imo katika habari hii kwa kisa cha kweli. Mwezi Februari 2008 Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, kilizindua kompyuta kuu iliyoitwa Ranger. Ilikuwa na prosesa 15,744 za AMD Opteron, kila moja ikiwa na viini vinne, jumla viini 62,976. Ilizimwa mwaka 2013 baada ya miaka mitano ya kazi. Sehemu ya makabati yake ilisafirishwa hadi Afrika Kusini, kwa ajili ya taasisi za nchi hiyo, Botswana na Tanzania.

Ilikuwa zawadi yenye thamani. Lakini Opteron za kizazi kile, kilichoitwa Barcelona, hazina amri zote za daraja la pili. Mtu akichukua leo programu iliyokompailiwa kwa daraja la pili na kuipeleka kwenye mashine ya aina hiyo, itafika mahali na kugoma, hata kama kabati lina viini mamia. Anayepokea mashine za namna hiyo lazima apokee pamoja nazo ama unga wa daraja la kwanza, ama kinu na mtu wa kusaga. Zawadi ya chuma bila mpango wa programu huishia kuwa chuma.

HESABU YA MWEKEZAJI

Tuseme watu watano wa Musoma wanachangishana ili wafungue chumba cha huduma za takwimu karibu na chuo, Butiama. Wananunua mashine 10 kwa Sh. 350,000 kila moja. Jumla ni Sh. 3,500,000. Muuzaji amewaambia zote ni za kizazi cha nne. Zinapofika, 4 tu ni Core i5 za kizazi cha nne. Nyingine 6 ni Pentium zenye kasha lile lile. Mashine 6 zikishindwa programu ambayo mteja anaihitaji, Sh. 2,100,000 zimelala, sawa na asilimia 60 ya mtaji wa mashine.

Wakiamua kuweka programu ya daraja la kwanza katika mashine zote ili zifanane, wataokoa zile 6 na kuzipunguza nguvu zile 4. Kazi nzito ya hesabu ambayo Core i5 ingeimaliza kwa saa moja kwa programu iliyosagwa kwa ajili yake inaweza kufika hadi saa nne. Mteja mwenye tarehe ya kuwasilisha utafiti hatasubiri. Atapanda gari hadi Mwanza.

Uamuzi wa busara katika hali hiyo ni kutenga. Zile 4 zipewe kazi za hesabu na programu za daraja la tatu. Zile 6 ziandike, zichape na kuingiza takwimu. Hapo hakuna mashine inayolala, ila wawekezaji wamelipa bei ya i5 kwa Pentium sita, na tofauti hiyo hairudi.

Inafaa pia kusema kwamba kasi ya mara nne ni kikomo cha juu. Kazi inayosubiri diski au kumbukumbu haitafika huko. Anayeuza mashine kwa ahadi ya mara nne kwa kila kazi anamdanganya mteja.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Kwanza, mashine iwashwe mbele ya mnunuzi, na jina kamili la prosesa lisomwe ndani ya mashine, si kwenye kibandiko cha nje. Kibandiko hubandikwa na hubanduliwa. Katika Windows jina lipo kwenye msinfo32.

Pili, zisomwe tarakimu zinazofuata kistari. Core i5-2400 ni kizazi cha pili. Core i5-4570 ni kizazi cha nne. Core i5-8250U ni kizazi cha nane. Jina likiwa Pentium au Celeron, kanuni hii isitumike. Orodha ya amri ikaguliwe moja kwa moja.

Tatu, mnunuzi abebe flashi yenye programu ya bure ya CPU-Z, ambayo huorodhesha amri za prosesa. Kwa Linux, lscpu hufanya kazi hiyo. Atafute maneno AVX2 na FMA.

Nne, mteja wa huduma aulizwe mapema atatumia programu ipi na toleo lipi, kisha flashi ibebe programu hiyo pia. Ikiwaka na kumaliza hesabu ndogo dukani, shaka kubwa imeondoka.

Tano, hati ya mauzo iandikwe jina kamili la prosesa kwa kila mashine. Maneno “kompyuta 10 zilizotumika” hayamsaidii mnunuzi siku ya kudai.

Liko jambo moja la ziada kwa wanaofanya kazi za maabara na utafiti. Amri ya FMA huzidisha na kujumlisha kwa kukadiria mara moja badala ya mara mbili, hivyo tarakimu za mwisho za jibu huweza kutofautiana kati ya kizazi na kizazi. Si kosa la mashine. Lakini ripoti isiyotaja prosesa na toleo la programu inaweza kumletea mtafiti maswali, na maswali hayo humrudia aliyemfanyia kazi.

MWENENDO WA SOKO

Mwaka 1994 Intel ililazimika kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya prosesa za Pentium zilizokuwa na dosari ya kugawanya. Dosari hiyo iliibuliwa na mwalimu wa hesabu, Thomas Nicely, aliyeona majibu yake hayalingani. Kampuni kubwa ilibeba hasara hiyo na kuendelea. Mwekezaji wa Bunda mwenye mtaji wa mashine kumi hana mfuko wa kubebea kosa la namna hiyo, wala hakuna atakayembadilishia. Kinga yake ni dakika tano za ukaguzi dukani kabla ya kutoa fedha.

Kwa wanaouza, soko la mashine zilizotumika litaendelea kupokea vizazi vilivyoachwa na Windows 11. Duka litakaloandika daraja la prosesa kwenye kila mashine, na kuweka bei tofauti kwa kila daraja, litauza Celeron kwa bei ya Celeron na i5 kwa bei ya i5, na mteja atarudi. Litakalochanganya litauza mara moja tu. Butiama, Bunda na Musoma ni miji ya karibu, na habari ya mashine iliyogoma haikawii kufika sokoni.